Neno MWISHO nililosukuma kuume

Mumosho, Bukavu
Tarehe 14 Aprili 2024

Mpendwa mwanangu Aurore,

Nakusalimia na roho yote, mama. Uko muzima? Kile kikohozi kiliisha? Unakula, ao unakunywa tu chai mbele ya ordinateur, ile mashini yako ya kuandikia? Siye tuko salama, Mungu anatulinda. Mvua iko mingi na goti langu linanisumbua, lakini kilima ningali napanda.

Mutu wa paroisse, wa kanisa letu, anakuja huko Lubumbashi, ndio maana naandika. Kwa simu nilijaribu mara tatu, mudomo ukanishinda. Siku ile mesaji zilikataa kwenda, ulilia kwa simu: "Mama, niliharibu, na sijui ni wapi." Ukaniuliza kama kuna mwenye kugusa neno MWISHO. Nikasema hapana. Mwanangu, haukuharibu. Ni mimi.

Sikiliza. Ile jumatatu Élodie wa biro ya kahawa alifungua porogramu yako uliyotuandikia, ile inapeleka mesaji kwa simu za bamama wa kahawa. Akasema, "Mama Eulalie, andika wewe, unajua kusema nabo." Nikaandika vile ulinifundisha, mustari kwa mustari: Bamama jambo. Kesho gari haiji. Musichume. Tutachuma jumatano. Na chini, MWISHO.

Lakini hiyo MWISHO ilikuwa imebanwa kule kushoto, pekee yake, sawa mugeni mwenye hakupewa kiti. Masœur, mutawa mwalimu wetu, alitufundisha mwaka wa ine, mbele ya baba yangu kunitosha ku masomo: barua inafungwa upande wa kuume, ndio heshima. Élodie alikuwa inje anapima mifuko. Nikasukuma MWISHO polepole, nafasi kwa nafasi, mpaka kuume. Ikapendeza.

Ulikuwa umeniambia, nami niliitika tu bila kushika: hilo neno lisimame mwanzo wa mustari, pasipo nafasi mbele yake, kama sivyo mashini haijui maneno yameisha. Basi haikujua. Ikameza yote ya chini, hata ile amri yako ya kutuma, ikazani ingali barua yetu. Hakuna simu hata moja ililia.

Jumanne bamama wakachuma, wakashuka na mizigo mugongoni. Gari hakuna. Kahawa ikachacha ndani ya mifuko. Mama Francine, mwenye mimba ya miezi sita, akasema mbele ya wote: "Mutoto wa Eulalie alitutumia mashini yenye kulala!" Wakacheka. Nami, mama yako, nikaangalia chini. Papa Anaclet, président wetu wa bachumaji, akasema siku ya Mungu tutafanya réunion, mukutano wa wote, hiyo mashini iachwe.

Siku hizo nilikuwa nakusikia tu unalia.

Kwa réunion, Papa Anaclet akauliza kama kuna mwenye neno. Nikasimama. Nikasema yote, hata mambo ya masœur. Mama Francine akaruka: "Kumbe ni heshima yako ndio ilichachisha kahawa yangu? Eulalie, juma hili unanibebea!" Nikacheka na machozi. Papa Anaclet akatupatia mara moja tena, ya mwisho.

Jumanne nilimubebea, goti na yote. Ijumaa nikaandika mesaji mupya, nikarudisha MWISHO kushoto, Élodie akiangalia kila kidole. Aurore! Simu zililia kilima chote. Mama Francine alininyanyulia yake toka kule juu, anapiga vigelegele.

Sasa unisamehe, mama. Nilikuacha ubebe muzigo wangu, mimi mwenye nilikubeba. Usiseme tena uliharibu. Ulale.

Baba yako anakusalimia, anauliza tu kama unavaa sweta. Élodie na Papa Anaclet wanakusalimia pia. Mungu akufunike na mukono wake, kazi yako isimame, na njia ikurudishe kwetu.

Hapa chini siandiki tena kuume. Masœur atanisamehe naye.

Wako mwenye kukupenda kuliko vile anajua kuandika,
Mama Eulalie

MWISHO