Damu ya Roda

Matungu, 10 Februari 1964

Kwa kaka yangu Sylvanus,

Salamu nyingi. Sisi tu wazima, sijui nyinyi huko Kakamega. Mimba ina miezi mitano sasa. Ile damu uliyonitoa huko maabarani kwenu, majibu yake vipi?

Dadako, Roda

Kakamega, 24 Februari 1964

Roda,

Salamu sitazirefusha. Damu yako ina kaswende. Nimepima mara mbili kwa mkono wangu. Umetuvua nguo sote! Nimeshamwandikia shemeji Bramwel, maana mwenye boma lazima ajue.

Kakako, Sylvanus

Butere, 15 Machi 1964

Kaka,

U hali gani? Mimi niko kwa mama. Bramwel alinifukuza na nguo nilizovaa. Haki ya Mungu, sijui mwanamume mwingine! Nilimwambia naye apimwe, akanitemea mate. Wakwe wamesema hawatampa mtoto jina la mzee wao yeyote. Mtoto asiyepewa jina na ukoo wa babake ni wa nani? Hebu pima tena.

Dadako, Roda

Kakamega, 9 Mei 1964

Dada mpendwa,

Natumai mama hajambo. Mzungu wetu, mkuu wa maabara, anafunga mizigo arudi kwao, na juzi alinieleza kwamba aliyeugua buba utotoni, vile vidonda vya ngozi, damu yake huonyesha vilevile kama ya kaswende. Kipimo chetu hakizitenganishi. Nawe uliugua buba, mimi ndiye niliyekubeba mgongoni kwenda kudungwa sindano. Lo, nilisahau! Lakini mwezi wa saba wananipa kiti chake. Nikikiri kosa sasa, atapewa mwingine. Vumilia. Soma, kisha uchome.

Kakako, Sylvanus

Butere, 14 Juni 1964

Kaka,

Hujambo? Nimejifungua msichana, ana siku tisa. Tunamwita "huyu" tu. Niandikie karatasi moja yenye muhuri, wakwe wampe jina. Nakupigia magoti.

Dadako, Roda

Butere, 5 Julai 1964

Kaka,

Mwili hauna ugonjwa. Hukujibu, basi Jumatano nilimpelekea Bramwel barua yako ya Mei. Sikuichoma. Alisoma, akakaa chini. Jana mamake alikuja na wazee wawili, wamemletea mtoto jina la nyanya yao. Walikuta tumemzika Ijumaa, homa ya siku mbili tu. Mama mkwe akaniomba alitaje jina hilo hata juu ya kaburi.

Nilimwambia arudi nalo.

Dadako, Roda