Upande wa Kushoto wa Gari la Udongo

Barabara ya Cadieux,
Detroit, Michigan.
Jumanne, 15 Novemba 1955

Mpendwa Mama Mdogo Leontien,

Kabla hujaendelea, tafadhali funga mlango. Haya nitakayokuandikia yabaki kwako peke yako. Usimwambie hata Baba Mdogo Achiel, maana akisikia leo huko Moline, kesho atayataja kwenye mashindano ya njiwa, na Jumapili yatakuwa yamefika kanisani kwetu. Ukishamaliza kusoma, ichome barua hii jikoni.

Sasa nikusalimu kama inavyopasa. Hujambo? Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Na Baba Mdogo, bado wanampa zamu za usiku kiwandani? Sisi tu wazima, ila Baba bado anakohoa. Vumbi la mbao alilolivuta ujanani halimwachi. Akikohoa mimi silali, na asubuhi naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Njiwa wake wako salama. Yule mwenye doa shingoni alishika nafasi ya pili kwenye mashindano ya Septemba, na tangu siku hiyo Baba anamwita Mheshimiwa.

Unajua kwamba tangu Machi mimi ni karani katika chumba cha maumbo cha kampuni ya Aldengate. Kazi hii niliombewa na Mzee Remi Stockman, rafiki ya Baba. Walifanya kazi pamoja zamani, wakati Aldengate ilikuwa ikitoa gari likiwa uchi, injini na magurudumu tu, kisha mafundi wanalijengea mwili wa mbao na bati kwa mikono, kila mteja na lake. Baba husimulia injini za silinda kumi na mbili zilizokuwa kimya kiasi kwamba ukiweka glasi ya maji juu yake, maji hayatikisiki. Husimulia pia mjane mmoja aliyetaka paa liinuliwe ili kofia zake zisibonyee. Ile miaka ya njaa iliwamaliza wateja wa namna hiyo. Baada ya vita mambo yote yakawa ya mashine za kukandamiza bati, na sasa gari hubadilishwa sura kila mwaka ili mtu aone haya kuendesha la mwaka jana.

Lakini sura yenyewe bado huanza kwa mikono. Mafundi hujenga gari zima la udongo wa kahawia unaopashwa moto, wenye harufu ya kiberiti isiyotoka nguoni. Gari hilo lina nyuso mbili: ubavu wa kushoto hufanywa na kundi moja, wa kulia na kundi jingine. Kisha anakuja mkuu wetu, Bwana Thurlow. Hasemi neno. Analizunguka gari, halafu anaweka kofia yake juu ya madigadi ya upande alioupenda. Karani anaandika upande huo kwenye kadi, mkuu anatia sahihi, na kesho yake ubavu ulioshindwa unakwanguliwa na kufanywa ufanane na ulioshinda.

Safari hii, kwa ajili ya gari la mwaka 1958, ubavu wa kushoto ulikuwa wa Mzee Remi. Alivuta mstari mmoja mrefu kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma, bila mkunjo, kama yale magari ya zamani. Wa kulia ulikuwa wa kijana Dwayne Pruitt, wenye mapezi marefu nyuma na kromu kila mahali. Kwa wiki kadhaa walitaniana mchana kutwa.

“Mzee, hilo lako litafaa sana kubebea maiti,” Dwayne alikuwa akisema.

“Na hilo lako ni samaki,” Mzee Remi alimjibu. “Sijui tulipake rangi au tulikaange.”

Alhamisi ya tarehe tatu Bwana Thurlow alikuja. Alizunguka mara tatu, akaweka kofia kwenye madigadi ya Mzee Remi. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya pua ya gari, nimelitazama. Nikaandika: kulia.

Mama Mdogo, katika kazi hii kushoto na kulia hazihesabiwi kwa mtu aliyesimama. Huhesabiwa kwa mtu aliyekaa kwenye usukani. Ndilo jambo la kwanza nililofundishwa, na aliyenifundisha ni Mzee Remi mwenyewe. Nalijua kama ninavyolijua jina langu. Lakini usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimekesha na Baba, na kofia ilikuwa upande wa mkono wangu wa kulia, basi mkono ukaandika kilichoonwa na jicho. Bwana Thurlow alitia sahihi bila kusoma, akachukua kofia yake, akakimbilia treni ya New York.

Ijumaa asubuhi niliingia nikakuta wanakwangua mstari wa Mzee Remi. Udongo ulikuwa umejaa ndoo nne. Yeye alikuwa amekaa juu ya boksi, amekunja mikono. Dwayne alishangaa pia, akasema, “Hata mimi niliiona kofia kwako, Mzee. Labda bosi alibadili mawazo akiwa stesheni, akapiga simu.” Hakuna aliyethubutu kwenda kuuliza, maana pale mtu hamuulizi mkuu kuhusu kofia yake. Mimi nilirudi kwenye meza yangu, nikaitoa kadi kwenye faili, nikaisoma, nikairudisha mahali pake.

Sikusema. Nilijiambia nitasema Jumatatu. Jumatatu nikajiambia mkuu bado yuko safarini. Nimeyabeba hayo kwa siku kumi na moja, nikila bila kuonja chakula.

Jana amerudi. Alisimama mbele ya gari lenye mapezi pande zote mbili, akalitazama mpaka Dwayne akaacha kutabasamu. Kisha akaniita.

“Binti, niletee ile kadi.”

Nikaileta. Alivaa miwani, akasoma, akaigeuza, akasoma tena.

“Sahihi hii ni yangu?”

“Ndiyo, Bwana.”

Akanisogelea, akashusha sauti wasimsikie wengine. “Basi nililichagua hili.”

Hakuwa ameuliza, lakini alisubiri. Nilikuwa na nafasi, Mama Mdogo. Mlango ulikuwa wazi mbele yangu. Nikasema, “Ndiyo, Bwana.” Alinirudishia kadi, akatoka akishika kingo za meza kama mtu anayetembea gizani. Mchana katibu wake alininong'oneza kwamba ameagiza atafutiwe daktari wa mambo ya kichwa, tena nje ya mji. Wenye hisa wa New York wamekuwa wakitafuta sababu ya kumwondoa kwa uzee wake, na nadhani sasa anaamini wana haki.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa ubaya. Leo saa nne Mzee Remi alikuja mezani kwangu, kofia mkononi, akavuta kiti.

“Godelieve, mwanangu, nichapie barua. Andika kwamba naomba kustaafu.”

“Ngoja basi hadi Krismasi, Mzee Remi.”

“Ningoje nini? Andika kwamba jicho langu halifai tena.”

“Lakini jicho lako ni zima.”

“Usinibembeleze, mimi si mtoto. Bosi aliweka kofia, akatazama tena, akaiona kasoro ambayo mimi siioni mpaka leo. Kila usiku naupitia ule mstari kichwani, siipati. Fundi asiyeiona kasoro yake aende nyumbani akafuge njiwa na baba yako.” Akacheka kidogo. “Chapa vizuri, usinikosee jina.”

Nikachapa, Mama Mdogo. Mimi niliyelifanya kosa ndiye niliyechapa kwamba jicho lake limechoka. Akanishukuru.

Amri ya kuchonga vyuma vya kukandamizia bati inapelekwa keshokutwa, Alhamisi asubuhi. Ikishatoka hairudi. Lakini vile vipande vya mbao vya kupimia umbo la Mzee Remi bado vimetundikwa ukutani, nimevihesabu, vyote viko. Kwa vipande vile wanaweza kuurudisha ubavu wake kwa wiki tatu.

Kwa hiyo nimeamua. Kesho saa mbili asubuhi nitaingia kwa Bwana Thurlow na kadi, nitamwambia nilisimama wapi na niliandika nini, ajue kwamba akili yake ni nzima. Barua ya Mzee Remi sijaipeleka. Imo ndani ya mkoba wangu. Nitamrudishia mwenyewe na kumwambia sababu. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Kufukuzwa nitafukuzwa, hilo nimelizoea tangu mchana. Sijui tu atanitazamaje, mtu aliyenipeleka pale kwa kunishika mkono.

Baba nitamwambia mwenyewe Jumapili, akishakula. Naomba mpaka wakati huo asisikie kwa mtu. Na kama kuna ofisi yoyote huko Moline inayotaka mtu wa kuchapa, niulizie kimya kimya, bila kutaja jina.

Nisalimie Baba Mdogo Achiel, binamu zangu Marcel na Irma, na Bibi Sidonie kama bado anakumbuka mimi ni nani. Mungu alitunze goti lako na awape majira ya baridi mepesi.

Ni mimi mtoto wa dada yako, ninayekupenda na kukutegemea,

Godelieve

Barua usiitume nyumbani, kwa kuwa Baba ndiye anayefungua sanduku. Piga simu kwenye duka la mikate la Mama Vandamme, Ijumaa baada ya saa tisa alasiri. Nitakuwa nimekaa karibu na kaunta. Ofisini usipige. Wakikuuliza unamtaka nani utasema karani wa chumba cha maumbo, na saa hizo watakuwa wanamtafuta mwingine.