Kazi Hafifu

Muscat, Alhamisi

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, Mama kifua kimempoa, na wanao wanakwenda shule bila kukimbizwa na fimbo. Mimi ni mzima, ila uzima wenyewe una maelezo, kwa hiyo kaa kitako kwanza.

Uliponiuliza mbona sikupigii simu ya video, nikakwambia kioo kimepasuka. Uongo. Nilianguka kutoka jukwaani nikibandika vigae, bega la kulia likavunjika. Nilikuficha kwa sababu nakujua, ungemwambia Mama hata simu haijakatika. Nisamehe.

Baada ya miezi mitatu daktari akanipa karatasi ya Kiarabu nimpelekee msimamizi wangu. Si unajua mdogo wako kahitimu chuoni kwa Maalim: herufi nazisoma zote, maana ndiyo nakisia. Nikasoma: amal khafif. Dada, damu ilinichemka. Mimi niliyetandika vigae kwenye misikiti na majumba ya wakubwa, leo kazi yangu hafifu? Nikaikunja nikaitia chini ya godoro. Msimamizi alipouliza, nikasema daktari hajaandika kitu.

Kumbe najichimbia kaburi. Huku majeruhi akishapata nafuu hulipwa fidia yake kwa sharti: apeleke karatasi ya daktari, na kama kampuni haina kazi ya kumfaa, atafute kwingine na kila wiki arudishe fomu yenye mihuri ya sehemu alizoomba. Mimi wiki mbili kimya. Nikaitwa ofisi ya fidia, mtaa wa Al Khuwair, nikaambiwa fidia inasimamishwa na huenda nikarudishwa nyumbani. Niambie, fundi asiyeweza kunyanyua mkono kupita sikio, Tanga nani angemwita?

Mama aliyeshika faili langu anaitwa Bi Zuwena, Mwomani, ila mamake kazaliwa Unguja. Akaniuliza kwa Kiswahili ukaidi huu wa nini. Nikamwambia wazi kwamba sikubali kutukanwa na daktari, na tusi lenyewe nikamsomea. Akavua miwani, akacheka mpaka akafuta machozi.

"Mwanangu, khafif kwao ni nyepesi," akasema. "Ubovu tumeutia wenyewe, sisi Waswahili. Daktari kalionea huruma bega lako."

Haya niliyoiona sina pa kuipeleka. Akaniongezea wiki moja, ya mwisho, akanipa fomu mkononi.

Nikaanza kuzunguka. Sehemu ya kwanza walilitazama bega, wakanipa muhuri na pole. Ya pili walinipa muhuri tu. Ya tatu ni ghala la vigae kule Wadi Kabir. Nilimkuta mwenye ghala amechoka, shehena imefika na nyufa zake hazionekani kwa macho, wateja wanamrudishia kila siku. Nikapiga magoti, nikawa nagonga kigae kimoja kimoja kwa kidole. Kizima hulia, chenye ufa hutoa sauti ya kukwaruza. Nikamtengea vibovu upande mmoja. Alipovipima kwa maji, vyote vilivuja. Akaliangalia bega langu, akauliza nitawezaje kazi.

"Bega ndilo lililovunjika," nikamwambia. "Masikio hayakuanguka."

Amenichukua niwe mkaguzi wake. Kampuni imeridhia nihamie kwake, na fidia itaendelea kujazia pale mshahara ulipopungua. Bi Zuwena alipogonga muhuri wa mwisho nililia mbele za watu, dada, wala sikujificha. Jumapili, wiki ya kazi ya huku inapoanza, naanza.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo, mwambie aache kuniombea dua ya kurudi. Msalimie shangazi anayetulelea kuku, na jirani yetu wa mlango wa pili aliyenifunga hirizi safarini. Mama mweleze yote, usimpunguzie: bega halitarudi lilivyokuwa. Akiuliza kama naumia, mwambie siku hizi nalalia ubavu mmoja tu, lakini nalala.

Mdogo wako anayekupenda na kukuogopa,
Rashidi