Wimbo Ulionishinda Jandoni

Mpendwa Baba Mdogo,

Tangu tukuzike pale Merigi sijakuhitaji kama leo. Nimechanganyikiwa, na wewe ndiye uliyeniingiza katika mambo haya.

Unakumbuka jandoni, ulipokuwa mlezi wetu? Wimbo ule mrefu ulinishinda kabisa. Wenzangu walikuwa wameshaujua na walitamani kwenda nyumbani. Wewe ulikaa zako ukichonga fimbo, ukawaambia, "Hakuna anayetoka peke yake. Mfundisheni." Walinifundisha siku tatu wakiwa wamenuna, mpaka nikaimba. Bado naona aibu nikikumbuka.

Hapa Kericho, kwenye chuo chetu cha walimu, vijana walikuwa wanasinzia darasani au wanatazama wachumaji chai kupitia dirisha, na mtihani ukija wanaanguka ovyo. Mwaka huu nikayapangua masomo yote. Nikawagawa watano watano, nikawaambia maneno yako, hakuna anayetoka peke yake, na hakuna kundi linaloanza somo jipya kabla wa mwisho wao hajaelewa. Baba Mdogo, ungewaona! Walibishana hesabu hadi mtoni wakifua nguo. Majaribio yote wakapita. Nilijiona kweli, sikufichi.

Jumatatu ukaja mtihani wenyewe. Kiprono, mwenye akili kuliko wote, alimaliza mapema, akaona mwenzake wa kundi amekwama. Akainuka mbele ya msimamizi, akachuchumaa kando ya yule mwenzake, akaanza kumweleza swali la nne kwa sauti ya kawaida, kama darasani. Hakuficha chochote. Nilipomuuliza, alinishangaa.

"Mwalimu, si ulisema hakuna anayetoka peke yake?"

Mkuu wa chuo, Mzungu, anasema huo ni wizi. Anataka nimwandikie jina la aliyeleta tabia hiyo, leo kabla ya chai ya saa kumi, afukuzwe. Mimi sijui tena. Ni wizi, au ndivyo nilivyowafundisha? Hukuniambia kwamba kuna chumba ambacho kila mtu huingia peke yake. Nakukasirikia kwa hilo, halafu nakulilia.

Ukungu umeshuka juu ya chai na kengele imelia sasa hivi. Karatasi nimeijaza. Nimeandika jina langu. Kesho Kiprono atarudi darasani, lakini atamkuta mwalimu mwingine.

Pumzika, Baba Mdogo. Kama nimekosea, huna tena namna ya kuniambia.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, yule mliyemngoja siku tatu.