Chemchemi Tuliyoijenga Cheptais

Bungoma

Baba mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana. Mgongo unaendeleaje? Yule ng'ombe mweusi ameshazaa? Mvua ya huko Kitale imeyafaa mahindi, au imekuja na upepo tena? Huku kwetu jua la mchana linachoma mpaka chuma cha cherehani hakishikiki, lakini mimi na watoto tu wazima, na kazi ya kushona sare za shule haijakauka.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu yako unaizungumzia uani, kwa sauti, na kila anayekamua na anayefua anasikia. Haya nataka uyasome peke yako kwanza. Vaa miwani, Baba, ukae.

Unakumbuka nilikwambia nimejiunga na klabu ya huduma, ukacheka ukasema hizo ni klabu za matajiri kula kuku. Kuku hatumwoni. Tunakunywa chai. Tunakutana kila Jumatano mchana katika chumba cha juu cha hoteli moja karibu na stesheni ya reli, na treni ya mizigo ikipita vikombe vinatetemeka mezani. Mwenyekiti ni Mzee Wekesa, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye huniita "Dada Wailimu" badala ya Wairimu, na nimeacha kumrekebisha. Anagonga kengele yake, tunaomba, aliyechelewa anasimamishwa kuimba, halafu tunapanga kazi: kambi ya macho, miti ya kupanda hospitalini, viti vya magurudumu kwa wasiojiweza. Aliyeniingiza ni Nafula, nesi, mteja wangu wa siku nyingi. Watu wa mlimani, upande wa Cheptais, walipokimbilia huku wakati wa vurugu za wenye bunduki, alikuja dukani akaniambia watoto wamefika na nguo walizolalia. Nikashona. Tangu hapo sijatoka kwenye klabu.

Mlima ulipotulia na watu wakaanza kurudi makwao, klabu ikaamua kujengea chemchemi moja upande wa Cheptais, wapate maji safi. Mkono wangu ulikuwa wa kwanza kuinuka. Unajua sababu. Cheptais ndiko ndugu yangu Kariuki alikokuwa akinunua viazi kabla ya kupotea. Ulisema jina la kijana wako lisitajwe kwako, kwa sababu watu walikuletea habari kwamba alivuka mpaka, ana mke mwingine Mbale, na amemwachia mkewe Njeri mtoto na aibu. Nivumilie. Leo nitalitaja.

Tuliijenga vizuri. Ukuta wa saruji, bomba, ngazi za mawe za kushukia, maji yakapimwa yakaonekana masafi. Tulipopanda tena kuikabidhi, tukakuta nyasi zimeota kwenye ngazi. Maji yanamwagika peke yake. Hakuna alama ya mguu, hakuna hata kwato la mbuzi. Na tukiwa tumesimama pale tunawaona akina mama juu ya kilima, mitungi kichwani, wanaizunguka chemchemi kwa mbali na kuteremka mpaka mtoni, ambako maji ni ya tope na njia ni ya kuvunja miguu. Tukawasalimia. Wakaitika vizuri. Tukawauliza, mbona hamchoti hapa? Wakatazamana, mmoja akasema, "Asanteni sana kwa kazi," wakaenda zao.

Siku ile sikuelewa, lakini nilirudi na baridi ambayo blanketi halikuitoa. Ule mlio wa maji yasiyochotwa ulinifuata. Nikifungua mfereji nyumbani nausikia.

Jumatano iliyofuata tulibishana. Simiyu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikasirika. "Hawa watu ni wakaidi, bana. Si tumewajengea? Ati wanataka nini tena?"

Nafula akamwambia, "Umewauliza, ama umewahutubia?"

Mzee Wekesa akaamua turudi, lakini bila kamera na bila hotuba. Wanawake wawili tu: Nafula na mimi.

Nyumba iliyo karibu na chemchemi ni ya mama mmoja mjane anayeitwa Mama Chebet. Tulimkuta anapukuchua mahindi, tukakaa tukamsaidia. Hakuna aliyetaja maji. Tulizungumza juu ya bei ya sare, juu ya baridi, mpaka yeye mwenyewe akasema, bila kuinua macho, "Maji yenu hatuyakatai. Tunaogopa kukanyaga watu."

Nafula akauliza, "Watu gani, mama?"

"Walio juu ya ile chemchemi. Tuliwazika pale kwa haraka. Mzee wangu yuko pale. Na yule Mkikuyu wa viazi."

Baba, punje zilinitoka mkononi. Nikamuuliza huyo Mkikuyu alikuwa mtu wa namna gani. Akasema alikuwa mtu wa mzaha, aliyemwita kila mwanamume shemeji. Kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto hakikuwepo. Aliwaambia kilikatwa na mashine ya kukatia nyasi akiwa mtoto, nyumbani Kitale.

Nafula alinishika goti. Nikasema, "Huyo ni ndugu yangu. Tumenyonya titi moja."

Mama Chebet aliweka gunzi chini. Alilia kabla yangu.

Akanieleza. Asubuhi ile lori la viazi lilikuwa limekwisha kujaa, na dereva alikuwa akipiga honi. Kariuki aliingia kwao kuaga, akapewa chai. Watu wenye bunduki wakaja kumtaka mwenye nyumba. Ndugu yangu angeweza kutoka. Walimwambia kabisa atoke, hawana haja naye. Akawaambia, "Huyu ni mwenyeji wangu, nimekula kwake. Mumwache tuzungumze." Wakawachukua wote wawili. Dereva alikimbiza lori, na hakuonekana tena huko. Miili yao ilipatikana kesho yake, pale maji yanapotokea. Mama Chebet na mama mkwe wake walichimba kwa jembe la shambani, wakawafunika, na siku hiyohiyo wakakimbia. Jina walilojua ni moja tu, Kariuki wa Kitale. "Ningemuuliza nani?" aliniambia. "Tena wakati ule, kuuliza kulikuwa kunaua."

Akanipeleka. Ni matuta mawili yaliyodidimia, yana mawe pembeni. Kazi yangu unaijua, Baba, jicho langu hupima mtu kabla futi haijafika. Nilipima ardhi ile. Urefu ulikuwa wake.

Jumatano hii nilisimama nikawaeleza wenzangu. Treni ilipita, na hakuna aliyeshika kikombe chake. Simiyu alivua kofia, hakuivaa tena mpaka tunaondoka. Mzee Wekesa alisahau kengele, aliniambia tu, "Dada Wailimu, pole. Tulijenga juu ya vilio vya watu." Tumekubaliana na wanakijiji kwamba bomba litashushwa chini zaidi, makaburi yazungushiwe ua, na mchungaji wao aombe pale kwanza. Akina mama wamesema hapo watachota.

Lakini kuhusu Kariuki wananingoja mimi, na mimi nakungoja wewe. Mwanasheria wetu wa klabu anasema tunaweza kuomba kibali aletwe nyumbani, azikwe karibu na Mama. Mama Chebet hakupinga, ila aliniuliza taratibu, "Mtawatenganisha?" Siku nyingine naona ni lazima aje kwenye udongo wetu. Siku nyingine nawaona wale wawili, mwenyeji na mgeni, na mikono inakataa kuwatenganisha. Amua wewe uliyemzaa. Nitafuata.

Kabla ya hayo, muite Njeri. Usimwachie mtu mwingine amwambie. Mwambie mume wake hakuvuka mpaka wowote, na hakuna mwanamke wa Mbale. Ameishi kwako miaka hii yote akitazama chini, akikupikia, na hakuwahi kumsema vibaya hata mara moja. Mwambie na mtoto, akiwa amekaa na mama yake.

Nisalimie Shangazi wa ng'ambo ya mto, na mwambie miguu yake naiombea. Nisalimie Mzee Barasa jirani yetu, ambaye peke yake alikataa kuziamini zile habari za Mbale. Mpe mkono kwa niaba yangu. Watoto wangu wanamsalimia babu yao, bado hawajui lolote.

Njeri atakuuliza kama Kariuki aliteseka. Mimi pia niliuliza. Mama Chebet aliinama akachochea moto, ambao tayari ulikuwa ukiwaka vizuri.

Binti yako anayekupenda,
Wairimu