Umesema Mwenyewe Tufunge

Harlan, viazi na nyama viko kwenye oveni, pasha tu. Greta, ukitoka shule mwaga chumvi kwenye ngazi iyeyushe barafu iliyoganda.

Sasa Harlan, kaa chini kwanza. Asubuhi ulipokuwa unatoka, nilikuwa kwenye simu na Dale, wakala wetu wa mkopo wa nyumba. Aliniuliza kwa mara ya mwisho: tuifunge riba leo kwa asilimia sita na nusu, isipande tena, au tuzidi kungoja ishuke? Nikafungua mdomo nimjibu ~~ujinga wako~~ maneno yako, kwamba tungoje. Unayasema tangu majani yaanze kupukutika, na wakati ule ilikuwa sita na robo. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Ikipanda tena, benki itatunyima mkopo na nyumba tutaisikia kwa wengine.

Ndipo ukapiga kelele kutoka mlango wa nyuma: "Funga! Nimesema funga, mama Greta! Mpaka niimbe?"

Dale akauliza, "Huyo ndiye mzee mwenyewe?"

Nikasema ndiye.

"Haya, nimefunga."

~~Nisamehe.~~ Hongera. Tangu tuoane, hili ndilo jambo la kwanza umeliamua papo kwa papo.

Mlango ndio niliosahau kuufunga. Mbwa yuko kwa jirani, akina Lindquist, kamchukue.

Mkeo