Mwalo Haujafungwa

Ilagala
12 Januari 1997

Kwa binti yangu Leonia,

Bwana Yesu asifiwe. U mzima huko kambini? Na wale watoto unaowafundisha, hawajambo? Sisi huku tunaendelea, ila goti langu la kushoto limeanza ukorofi wake wa masika. Muhogo umekubali, na mawese mwaka huu ni mazuri.

Baba yako hajarudi. Tangu Novemba alipovuka mara ya tatu kwenda kuwachukua watu waliokimbia vita ng'ambo ya ziwa, mtumbwi wake haujaonekana. Lakini usiogope. Mwinjilisti Feliksi alioneshwa katika maombi kwamba Elikana yu hai, amekaa mahali penye miti mingi. Kila Jumapili nasimama kutoa ushuhuda wa kurudi kwake, na kanisa zima linasema amina. Nikianza kulia, akina mama wananishika mkono, wananiambia machozi yanafunga njia ya muujiza. Basi nayameza.

Mzee Zubery, mwenyekiti wa mwalo wetu, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, alikuja hapa kaivua kofia yake ya swala, kaishika mkononi. Akaniuliza kama wafunge mwalo. Unaijua desturi yetu: ziwa likimchukua mtu, mitumbwi inavutwa mchangani na hakuna anayetupa wavu mpaka matanga yaishe. Nikamjibu, "Mzee wangu, mtamfungia nani? Mume wangu yuko safarini." Akavaa kofia yake, akaenda zake.

Jumamosi nilikaanga migebuka. Nilikumbuka baba yako alivyokuwa akikuwekea kichwa cha samaki, nawe ukilia unataka mkia. Nimemwekea sahani yake kama kawaida. Omba nasi, mwanangu.

Mama yako,
Yunisi, mke wa Elikana


Kambini, Kasulu
2 Machi 1997

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Ulichue kwa mawese ya moto, usingoje lipone lenyewe. Mimi ni mzima. Darasani nina watoto wengi kuliko nafasi, wengine wanakaa madirishani.

Mama, kaa chini ndipo usome. Wiki iliyopita nilimwandikisha mtoto shuleni. Mama yake anaitwa Honorata, alitoka ng'ambo Novemba. Nikamuuliza alivukaje, akasema walichukuliwa na mvuvi wa Ilagala, mtu mrefu mwenye pengo la jino. Upepo ulipoanza, watu walisimama kwa hofu, naye akawa anawakemea: "Kaeni chini, watu wa Mungu, ziwa halina haraka!"

Mama, ni nani mwingine anayesema hivyo? Alikuwa akituambia maneno hayo hayo tulipokuwa tukigombania ugali.

Mtumbwi ulipinduka. Honorata na mwanawe walishikilia dumu tupu hadi wakaokolewa na wavuvi wengine. Anasema alimwona baba akimsukumia bibi mmoja ubao, kisha wimbi likaja, na hakumwona tena.

Nami nimesema amina miezi yote hii. Sasa haitoki tena kinywani. Nampenda Mungu, mama, lakini siwezi kumwambia jambo ninalojua si kweli.

Mwanao,
Leonia


Ilagala
20 Machi 1997

Leonia,

Salamu. Sisi ni wazima.

Barua yako nimeisoma, na afadhali ningekuwa nimevunja goti lote nisiende kuichukua. Ungekuwa karibu ningekufinya. Mtu katoka vitani, kapoteza kila kitu, kichwa chake kimejaa maji na kelele, nawe unashika maneno yake unayaleta nyumbani kwangu! Watu wangapi wana mapengo? Baba yako mwenyewe alitaniwa na nusu ya mwalo wenye mapengo kama yeye.

Mwinjilisti anasema imani haba ya mtu mmoja ndani ya nyumba yaweza kumzuia Bwana asitende. Sikumwambia ni nani. Nimekufichia.

Sahani yake bado naiweka. Mbuzi wa jirani amejifunza saa yangu ya kula, anakuja kuchungulia.

Huyo Honorata, je, alisema lolote kuhusu sweta? Lile la kijani nililoliwekea kiraka cha kitenge kwenye kiwiko. Usinijibu.

Mama yako,
Yunisi, mke wa Elikana


Kambini, Kasulu
8 Juni 1997

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Nimengoja barua yako tangu masika hadi vumbi limerudi.

Ulisema nisijibu, nami nilitii kwa muda nilioweza. Alilivaa, mama. Baridi ilipozidi alilivua akamfunika mtoto wa Honorata, akamwambia asilichafue, mkewe ni mkali.

Hapa kambini kuna kanisa la mabati. Watu wanaingia wakiwa wamefiwa, wanalia kwa sauti kabla ya kuimba, kisha wanaimba. Hakuna anayewashika mkono kuwanyamazisha. Mimi hukaa nyuma kabisa, macho makavu. Unajua kwetu mtoto hakai matanga kabla mjane hajashuka mkekani. Ninamlilia baba moyoni kama mwizi, na nimechoka. Sikuombi uache imani. Nakuomba ruhusa ya kulia.

Mwanao,
Leonia


Ilagala
6 Agosti 1997

Leonia mwanangu, mwana wa Elikana,

Bwana asifiwe. U mzima? Goti limepoa. Niwie radhi kwa ukimya. Barua yako nilikaa nayo ndani ya kanga, nikitoka nayo shambani na kurudi nayo.

Lile neno kwamba mkewe ni mkali ndilo lililonimaliza. Halikutoka kwa mtu mwingine.

Jumapili nilisimama kutoa ushuhuda kama kawaida. Watu wakajiandaa kusema amina. Nikasema, "Bwana asifiwe. Nilimwomba Mungu amrudishe mume wangu. Hakumrudisha. Elikana amekufa majini akiwavusha watu. Mungu bado ni Mungu wangu, lakini sitasimama tena hapa kumwambia uongo." Mwinjilisti Feliksi akainuka, akaanza kukemea roho ya mashaka. Sijui nilipata wapi ujasiri, nikamwambia, "Mwinjilisti, kaa chini. Ziwa halina haraka."

Akakaa. Kisha nikaona mabega yake yanatikisika. Alimpenda baba yako, walikuwa wakivua pamoja kabla ya kuokoka, na nadhani yale maono aliyaona kwa sababu aliyataka sana. Hapo nililia, Leonia. Nililia mpaka kanga ikalowa, na hakuna mama aliyenishika mkono. Walilia nami.

Tulipotoka nje, Mzee Zubery alikuwa amesimama kwenye kivuli cha ukuta. Sijui nani alimwita. Akavua kofia yake tena, akaniuliza, "Mama Leonia, tufunge?"

Nikamwambia, "Fungeni."

Ilikuwa giza la mwezi, wakati wenyewe wa kuvua dagaa kwa taa. Wavuvi wote, wa msikiti na wa kanisa, walivuta mitumbwi mchangani na kuzima taa zao za karabai. Sijapata kuliona ziwa jeusi vile tangu nizaliwe. Ningetamani baba yako angeona, angejisifu mwaka mzima.

Wamesema hawatatupa wavu mpaka ufike. Kwa hiyo usikawie, watu wana watoto wa kulisha. Mwombe Honorata aje nawe akiruhusiwa, nataka kumshika mikono. Sweta aliache kwa mtoto wake.

Mkeka nimeutandika, nami nimeshashuka. Upande wa ukutani nimekuachia wewe. Njoo ulie, mwanangu.

Mama yako,
Yunisi, mjane wa Elikana